Rejeta ya Alumini ya "Gari Lolote" Ndani ya Land Cruiser FJ40: Kiini Kizuri, Kazi Nyingi

Rejeta ninayoitathmini hapa ni ya alumini, ya maji yanayoshuka kutoka tangi la juu kwenda tangi la chini, yenye safu mbili za mirija mipana na matangi yaliyochomelewa, na inauzwa kwa maelezo kwamba inatoshea gari lolote. Nimeifunga kwenye Toyota Land Cruiser FJ40 yenye injini ya petroli ya 2F, ile ya silinda sita katika mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 4,230, ambayo Toyota ilianza kuitumia katikati ya miaka ya 1970. Hukumu yangu naiweka mapema: kiini cha rejeta hii, yaani mirija na mapezi yake, ni kizuri na kinaipoza injini hiyo vizuri, lakini vyote vinavyokizunguka kiini hicho, yaani vishikio, midomo ya mipira ya maji, shingo ya mfuniko na nafasi ya feni, ni kazi ambayo mtengenezaji amemwachia mnunuzi. Anayeinunua apange fedha na muda wa karakana kana kwamba amenunua malighafi.

Kabla ya kuanza niliweka sharti moja ambalo naliona la msingi kwa kila gari la zamani linalotunzwa: gari halikatwi. Kinachokatwa, kinachochomelewa na kutobolewa ni rejeta mpya, kwa sababu rejeta nyingine itapatikana kesho, ilhali fremu ya mbele ya gari lililoacha kutengenezwa mwaka 1984 haipatikani kwa urahisi, na ikipatikana mara nyingi imeshaliwa na kutu. Nimeona magari mazuri yaliyokatwa fremu hiyo kwa msumeno ili kupisha rejeta pana zaidi, na baada ya hapo hakuna rejeta ya asili inayoweza kurudi mahali pake. Sharti hilo liliongoza kila uamuzi nitakaoueleza, na ndilo lililoifanya kazi kuwa ndefu.

Ni haki kwanza kuuliza kama alumini inahitajika. Rejeta za asili za magari ya enzi hiyo zina mirija ya shaba ya manjano na mapezi ya shaba nyekundu, yaani bati jembamba katikati ya mirija linalotoa joto kwenye hewa, vyote vikiwa vimeunganishwa kwa kulehemu. Shaba nyekundu hupitisha joto vizuri kuliko alumini, karibu mara moja na nusu zaidi, na wengi huishia hapo wakidhani hoja imekwisha. Lakini joto la maji halifiki kwenye mapezi kabla ya kupita kwenye ukuta wa shaba ya manjano, ambayo hupitisha joto kwa kiwango kilicho chini ya alumini, kisha kwenye risasi ya kulehemu, ambayo ni dhaifu zaidi. Isitoshe, mirija ya shaba haina budi kuwa myembamba, kwa kawaida milimita 12 hadi 16 kwa upana, kwa sababu mrija mpana wa madini laini namna hiyo huvimba kwa shinikizo. Mirija ya alumini huweza kufika milimita 25 au zaidi, na mapezi yake huunganishwa nayo ndani ya tanuri la joto la karibu nyuzi 600 bila risasi katikati. Ndiyo maana safu mbili za alumini zinaweza kufanya kazi ya safu nne za shaba, na kwa uzito mdogo zaidi.

Hata hivyo, ikiwa matangi ya rejeta yako ya asili ni mazima na karibu nawe kuna fundi anayeweza kuyafungua, kuweka kiini kipya na kuyalehemu tena, njia hiyo ni bora kwa anayetaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Kila kitu kitarudi kwenye matundu yake, na rejeta ya shaba hurekebishika kwa miaka mingi. Mimi nilichagua alumini kwa sababu matangi ya rejeta ya zamani yalikuwa yamechakaa kwenye mishono yote na shaba yake imekuwa nyembamba mno kulehemeka. Niliihifadhi hata hivyo, pamoja na vishikio vyake, na ninamsihi kila mwenye gari la aina hii afanye vivyo hivyo, kwa kuwa ndiyo kipimo cha kweli cha mahali kila kitu kinapopaswa kukaa.

Vipimo ndivyo vinavyowaangusha wanunuzi wengi, na lawama kubwa hapa ni ya mtengenezaji. Vipimo vilivyoandikwa kwenye maelezo ya bidhaa ni vya kiini peke yake: urefu na upana wa eneo la mapezi. Matangi mawili, mikono ya pembeni, shingo ya mfuniko na mdomo wa chini havimo, na hivyo vinaweza kuongeza zaidi ya sentimita 10 kwenye urefu. Mtu anayepima tundu la mbele la gari lake na kuagiza rejeta yenye namba ileile atapokea kitu kisichoingia. Ushauri wangu ni kutengeneza kwanza rejeta ya boksi gumu, yenye unene kamili wa kiini na matangi, kisha kuiweka ndani ya gari, kufunga boneti taratibu, kuzungusha feni kwa mkono na kuangalia kila pembe. Karatasi haitaonyesha kwamba mfuniko utagusa boneti, wala kwamba boliti ya shoo ya mbele inajitokeza mahali ambapo mapezi yatakaa. Boksi litaonyesha yote hayo kwa gharama ndogo sana. Unene nao usidharauliwe, kwa sababu kila milimita inayoongezwa kwenye kiini inapunguzwa kwenye nafasi ya feni, na nafasi hiyo katika magari yenye feni inayozungushwa na injini haina ukarimu.

Vishikio vilivyokuja na rejeta vilikuwa vipande viwili vya bati vilivyochomelewa pembeni, vyenye matundu ya mviringo yasiyolingana na chochote kwenye FJ40. Niliviondoa. Kuvirefusha hadi vifike kwenye matundu ya fremu kungewezekana, lakini kufunga rejeta ya alumini moja kwa moja kwenye chuma kwa boliti nne ni kuitayarishia nyufa. FJ40 ni gari la chasisi ya ngazi, yaani nguzo mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kwa vyuma vya kukingama, na chasisi hiyo hujipinda kila gari linapovuka shimo kwa pembe. Msokoto huo ukifika kwenye rejeta iliyokazwa pande zote, mahali panapoachia kwanza ni pale mirija inapoingia kwenye bamba la tangi. Pia alumini hutanuka: kipande cha urefu wa nusu mita kikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 100 huongezeka karibu milimita moja, nacho lazima kipate pa kwenda.

Tulitengeneza basi beseni jembamba la chuma linalofungwa kwenye matundu ya asili ya fremu, tukalitandika raba nene, na rejeta ikakaa ndani yake kwa uzito wake. Juu inashikwa na mikono miwili yenye bushi za raba na matundu marefu, ambayo inaizuia kuyumba mbele na nyuma lakini inairuhusu kupanda kidogo. Hakuna mahali popote alumini inapogusana na chuma. Raba hizo zina kazi ya pili, nitakayoifikia nitakapozungumzia maji.

Sehemu iliyohitaji ustadi zaidi ilikuwa midomo. Mdomo wa juu ulikuwa na kipenyo cha milimita 38 na ulikubali mpira wa maji bila mabishano. Mdomo wa chini ulikuwa milimita 44, ukitazama injini moja kwa moja na kukaa nje ya mstari wa pampu ya maji, kiasi kwamba mpira ungelazimika kujikunja mara mbili ndani ya nafasi fupi. Wapo wanaotatua jambo hili kwa mpira wa mikunjo unaopindika upande wowote. Siupendi. Mikunjo yake hupunguza kasi ya maji, na upande wa chini ndio upande ambao pampu inavuta, hivyo mpira laini usio na springi ndani unaweza kujibana wakati injini inazunguka kwa kasi, na mtu akahangaika kutafuta chanzo cha joto linalopanda barabarani na kushuka anaposimama. Mdomo ulikatwa, tundu likazibwa kwa kiraka cha alumini, na mdomo mwingine wenye pembe ukachomelewa mahali panapoielekea pampu.

Uchomeleaji wa aina hii si wa kila fundi, na nasema hivi kwa heshima kwa mafundi wote. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini ngozi ya oksaidi inayoifunika huyeyuka juu ya nyuzi 2,000, kwa hiyo asiyeijua ataona uso umebaki mgumu huku chini yake pameshakuwa uji, na ghafla tundu linafunguka. Kinachohitajika ni mashine ya TIG, ile ya kuchomelea kwa umeme chini ya kinga ya gesi, yenye mkondo geu, ambao huivunja ngozi hiyo, gesi ya agoni safi, na brashi ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa madini mengine. Kiraka kiwe cha unene unaokaribiana na wa tangi. Jambo muhimu kuliko yote ni kukaa mbali na bamba linaloshika mirija, kwa kuwa maungio ya tanuri huyeyuka kabla ya tangi lenyewe, na ukiyapasha moto kupita kiasi utakuwa umeziba uvujaji mmoja na kufungua kumi usioweza kuufikia. Fundi tuliyemtumia alichomelea vipande vifupi vifupi, akasubiri ubaridi, akaendelea upande mwingine, na kitambaa chenye maji kikiwa kimelazwa juu ya bamba. Gundi za vyuma zinazosifiwa kuziba alumini hazina nafasi katika kazi hii.

Tangi lilipokuwa wazi tulikuta vipande vidogo vya alumini na masizi ya uchomeleaji wa kiwandani ndani yake. Hili ni kosa la mtengenezaji lisilo na udhuru, kwa kuwa vipande hivyo vingekwenda kukaa kwenye midomo ya mirija au kwenye pampu. Rejeta mpya ya aina hii isafishwe kwa maji mengi kutoka pande zote mbili hata kama hukuikata. Baada ya kuosha, tuliziba midomo, tukajaza hewa kwa pampu ya mkono hadi shinikizo la bar 1, karibu sawa na la hewa ya kawaida, na kuizamisha majini; mapovu hayakuonekana, na mishono ya kiwandani kwa nje ni safi kweli.

Mfuniko nao unastahili maelezo, kwa sababu watu huufunga ule uliokuja kwenye boksi bila kuusoma. Ulikuwa wa bar 1.1, na wa asili wa gari ni bar 0.9. Shinikizo huinua kiwango cha kuchemka: kwa bar 0.9 juu ya hewa ya kawaida ya usawa wa bahari, maji matupu huchemka karibu na nyuzi 119, na kwa bar 1.1 karibu na nyuzi 122. Faida ni nyuzi tatu. Gharama yake ni kwamba kila mpira, kila mshono na hasa kiini kidogo cha hita ndani ya gari, ambacho kinaweza kuwa na umri sawa na gari lenyewe, vinabebeshwa shinikizo ambalo havikuundiwa. Nilirudisha mfuniko wa bar 0.9, baada ya kuhakikisha kwamba kina cha shingo kinalingana na urefu wa springi yake, maana shingo yenye kina kikubwa zaidi huufanya mfuniko ufungue mapema kuliko ulivyoandikwa. Shingo pia ilibaki kuwa sehemu ya juu kuliko zote kwenye njia ya maji. Gari ambalo rejeta yake imeshushwa ili kukwepa boneti linahitaji tangi dogo la kujazia lililo juu zaidi, la sivyo hewa hukaa kwenye silinda hedi na geji haisemi ukweli.

Sasa feni, ambayo naamini ndiyo inayoamua kama kazi yote hii ina maana. Rejeta haipozi chochote bila hewa kupita ndani yake, na hewa siku zote hufuata njia rahisi. Kati ya rejeta hii na fremu ya FJ40 palibaki mianya pembeni ambayo hewa ingepita bila kugusa pezi hata moja. Tuliiziba yote kwa bati jembamba lenye ukingo wa raba. Kava la feni la asili halikutosha tena, kwa hiyo lilitengenezwa jipya la alumini, likifunika kiini chote, lenye tundu la mviringo ambalo feni inakaa nusu ya upana wa panga zake ndani na nusu nje. Feni ikizama yote ndani ya kava, hewa ya moto hukosa pa kutokea. Ikikaa yote nje, huvuta hewa ya pembeni ya injini. Kati ya ncha za panga na ukingo wa kava tuliacha karibu milimita 20, na kati ya panga na mapezi zaidi ya milimita 25.

Nafasi hizo zisipunguzwe kwa tamaa ya hewa zaidi. Injini husogea kwenye raba zake kila unapokanyaga mafuta au breki kwa nguvu, na panga zinaweza kujipinda kuelekea mbele feni inapokamata maji ya kina wakati wa kuvuka mto. Wamiliki wengi wa magari ya aina hii hulegeza mkanda wa feni kabla ya kuingia majini kwa sababu hiyohiyo, na rejeta iliyosogea karibu na feni inaufanya utaratibu huo kuwa wa lazima zaidi. Feni za umeme zinazouzwa pamoja na rejeta hii sikuzitumia. Hufungwa kwa vijiti vya plastiki vinavyopita katikati ya mapezi, nayo mapezi husagika taratibu kila gari linapotikisika. Feni ya asili ya 2F inavuta hewa nyingi, na ikipewa kava linaloifaa haihitaji msaada.

Maji yaliyomo ndani ndiyo yatakayoamua umri wa rejeta hii. Alumini, chuma cha injini na shaba ya kiini cha hita vikiunganishwa na kimiminika kimoja hufanya betri, na anayeliwa kwanza ni alumini. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, yenye dawa ya kuzuia kutu inayofaa alumini, ikichanganywa na maji yaliyotoneshwa, si jambo la hiari. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi zinazobaki kwenye mirija na kuuharakisha ulaji huo. Kwa sababu hiyohiyo usifunge waya wowote wa hasi wa umeme kwenye rejeta, na hakikisha waya kati ya betri, injini na chasisi ni mizima. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwaka na taa zote zikiwa zimewashwa, ncha moja ya mita ya volti iguse hasi ya betri na nyingine iingie kwenye kulanti bila kugusa shingo. Usomaji ukizidi volti 0.1, tafuta waya mbovu kabla mirija haijatoboka. Gari letu lilisoma chini ya hapo, na raba za vishikio zina sehemu yake katika hilo.

Kuhusu utendaji sina lalamiko. Kwenye mlima mrefu gari likiwa limebeba, mahali ambapo geji ilikuwa ikikaribia alama nyekundu, sasa inapanda kidogo na kusimama, kisha inashuka mara tu barabara inapolala. Injini ikiachwa iunguruke gari likiwa limesimama juani, joto linatulia, na kipimajoto cha mwanga kinaonyesha tofauti iliyo wazi kati ya tangi la juu na la chini, bila doa la baridi katikati ya kiini. Gari halikuwa baridi kuliko zamani kwenye barabara tambarare, na halikupaswa kuwa, kwa kuwa kiwango cha chini cha joto hupangwa na thamostati, ile vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini inapopata joto. Rejeta kubwa huongeza akiba ya kupoza. Haibadilishi joto ambalo injini imeundiwa kufanyia kazi, na anayeondoa thamostati baada ya kufunga rejeta kama hii anaipa injini uchakavu bila sababu.

Kasoro zilizobaki ni za kweli lakini ndogo. Mapezi yamesongamana kiasi kwamba mbegu za nyasi na tope hukwama, kwa hiyo gari la porini linahitaji kuoshwa kiini kutoka upande wa injini, kwa maji ya shinikizo dogo. Kizibo cha kumwagia maji ni kidogo na kimewekwa mahali ambapo beseni letu lilikaribia kukiziba, na nyuzi zake ni za bomba za kipimo cha Marekani, za NPT, ambazo swichi za joto za Toyota haziingii bila kiunganishi. Mng'ao wa alumini nyuma ya shoo ya FJ40 hauvutii; rangi nyeusi iliyopulizwa kwa wepesi inaficha hilo, mradi isiwe nzito kiasi cha kujaza mapezi.

Naipendekeza rejeta hii kwa mwenye gari ambalo rejeta yake ya asili haiokoleki, anayemfahamu mchomeleaji wa alumini na aliye tayari kutengeneza kava la feni. Asiye na viwili hivyo aende kwa fundi wa viini vya shaba. Kwa mtengenezaji nina maombi matatu: auze rejeta hii pia bila vishikio na bila mdomo wa chini, ili mnunuzi asilazimike kukata alichokilipia, aoshe matangi kabla ya kuyaweka kwenye boksi, na aweke mchoro wenye vipimo vya nje kamili, pamoja na kina cha shingo ya mfuniko.